Usikimbilie Kileleni Borobudur

Mara ya kwanza kufika Borobudur, hekalu la kale la Wabudha kisiwani Java, Indonesia, nilikaa karibu saa mbili, na sikumbuki kama nilitazama ukuta hata mmoja. Ilikuwa mwaka 2018. Tulikuwa wanafunzi tisa wa kigeni ndani ya basi dogo, tumetoka Yogyakarta saa tisa usiku ili tuliwahi jua. Tulipanda ngazi moja kwa moja hadi juu, tukimulika kwa tochi za simu, tukajipanga katikati ya yale makuba ya mawe yenye matundu kama matenga ya samaki. Jua likachomoza karibu na mlima Merapi, ukungu umelala juu ya minazi huko chini. Tukapiga picha, tukashuka. Picha nikazituma nyumbani Tanga, watu wakasema mashaallah. Nikalala mchana kutwa nikiamini nimeshaiona Borobudur.

Nilikuwa bado. Na kila nikikutana na picha ile ile mtandaoni, kuba, ukungu, mtu amekaa ameipa kamera mgongo, natamani nimshike mkono nimrudishe chini, ngazi moja moja, mpaka pale ukuta wa kwanza unapoanzia. Waliojenga hekalu hili walikusudia lizungukwe. Juu ni mahali pa kufikia ukiwa umeshazunguka, na anayeanzia juu anakuwa amefungua kitabu ukurasa wa mwisho, ukurasa ambao hauna maandishi.

Jengo lenyewe liko Java ya Kati, kama kilomita 40 kutoka Yogyakarta. Lilijengwa kati ya mwisho wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, enzi za wafalme wa ukoo wa Sailendra. Tunaliita hekalu, lakini ukitafuta mlango wa kuingilia ndani hutauona. Hakuna ukumbi, hakuna paa, hakuna chumba cha ibada. Ni kilima kilichovishwa mawe: majukwaa tisa yaliyopandana, sita ya mraba na matatu ya duara, na juu kabisa kuba moja kubwa lililozibwa pande zote. Chini kabisa kila upande una mita 118 hivi. Mawe ni ya volkano, ya kijivu, na yote pamoja yanakadiriwa kuwa mita za ujazo 55,000. Hayakushikanishwa kwa chokaa. Waashi waliyakata yakaingiliana, hili lina ulimi, lile lina tundu, vile seremala anavyounga fremu ya mlango wa mninga bila msumari. Hata mvua waliifikiria. Kwenye pembe waliweka vitoa maji 100 vyenye vinywa vya viumbe vya ajabu, ili maji yatemwe nje yasituame. Pamoja na hayo, maji yalipenya kilimani na kwa karne nyingi yakazisukuma kuta zikalala. Mholanzi Theodoor van Erp alilikarabati mwaka 1907 hadi 1911, kisha ikaja kazi kubwa ya Indonesia na UNESCO ya mwaka 1975 hadi 1982, ambapo majukwaa ya mraba yalibomolewa na kupangwa upya, na mifereji ikapitishwa ndani kwa ndani. Mtu wa pwani aliyekulia nyumba za mawe na boriti anaweza kumaliza asubuhi nzima akitazama viungo tu.

Niliporudi mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikampata mwongozaji mmoja mzee kutoka kijiji cha jirani. Nilimwita Pak, kama sisi tunavyosema baba au mzee. Nilimsabahi kwa Kiindonesia changu cha darasani, "Apa kabar, Pak?" na hapo tena nikafurahi moyoni kwamba habari yao na yetu ni neno moja, sote tumelipata kwa Waarabu, kama tulivyopata dunia, na kitabu ambacho wao hukiita kitab. Alinisimamisha kwenye ngazi za mashariki, akanigusa bega la kulia.

"Ukuta uwe upande huu mpaka umalize," akasema.

Mimi niliyefundishwa madrasani kwamba anayetufu, yaani kuizunguka Kaaba, huiweka kushotoni kwake, mwili wote ulihisi tofauti ile. Hii si ibada yangu na sikuifanya kuwa ibada. Lakini kuzunguka ninakuelewa. Anayezunguka hana haraka ya kufika, kwa sababu kila hatua ni sehemu ya jambo lenyewe.

Kabla hatujapanda alinipeleka pembe ya kusini-mashariki, chini kabisa. Pale mawe ya msingi yameondolewa kidogo, na nyuma yake unaona ukuta mwingine wenye michoro ya kuchongwa. Huu ndio mguu uliofichwa. Hekalu lote limezungukwa na michoro 160 ambayo imefunikwa na tabaka nene la mawe, na dunia ilikuwa haijui kama ipo mpaka mwaka 1885, Mholanzi J.W. IJzerman alipoigundua. Mawe yakafunguliwa kipande kwa kipande, mpiga picha Mjava aitwaye Kassian Cephas akapiga picha ya kila mchoro mwaka 1890 na 1891, halafu mawe yakarudishwa. Pembe hii ilikuja kuachwa wazi wakati wa ukaliaji wa Wajapani. Wapo waliosema michoro ilifichwa kwa makusudi ya dini. Mimi naona wenye hoja nzito ni wale wanaosema kilima kilikuwa kinaanza kuteleza, wajenzi wakalazimika kuukaza msingi, hata kama kuukaza ni kuzika kazi ya mikono yao.

Na ni kazi ya namna gani! Michoro ile inahusu matendo na malipo yake. Hapa watu wanasengenya, kule wanatoa sadaka. Hapa mtu amelala mgonjwa na jamaa zake wamemzunguka, wanamsugua. Kuna mahali watu wanachemsha samaki na kasa chunguni, na ubavuni mwake watu wanachemshwa motoni wao wenyewe. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kuonywa juu ya kuonea viumbe anaelewa mchoro huo bila mkalimani. Kilichonigusa zaidi ni maneno mafupi yaliyochimbwa juu ya baadhi ya michoro, kwa hati ya Kijava cha kale, yanayoelekea kuwa maagizo kwa mchongaji. Moja linasema virupa, yaani sura mbaya: hapa chonga watu wenye sura mbaya. Kazi ikiisha, maandishi yalipaswa kufutwa. Mawe yakaja kufunika kabla hayajafutwa, na ndiyo sababu leo, baada ya miaka zaidi ya elfu moja, bado tunamsikia msimamizi akimwelekeza fundi wake. Hati hiyo hiyo imewasaidia wataalamu kukisia umri wa jengo.

Tukapanda. Ushoroba wa kwanza una ukuta kulia na ukuta kushoto, na kuta zenyewe zimevunjwa pembe baada ya pembe, hivyo huoni mbele zaidi ya hatua chache. Bonde huoni, mlima huoni. Kuna mawe na utepe wa anga tu. Kwenye shoroba hizi ndipo ilipo michoro 1,300 ya visa, ambayo pamoja na ile 160 ya chini inafanya 1,460, na mingine 1,212 ni ya mapambo. Ushoroba huu wa kwanza peke yake una safu nne, mbili ukuta wa ndani na mbili ukuta wa nje, na kuzisoma kwa haki ni kuzunguka mara nne. Safu ya juu ya ukuta wa ndani ina michoro 120 inayosimulia maisha ya Budha kwa kufuata kitabu cha Lalitavistara, kuanzia mbinguni kabla hajazaliwa hadi mahubiri yake ya kwanza karibu na Benares, India.

Nilisimama muda mrefu mbele ya ndoto ya mama yake. Malkia Maya amelala ubavu, wanawake wamekaa kumzunguka, na juu upande mmoja tembo mdogo anateremka kuelekea kwake. Ndiyo mimba ya Budha. Nilitegemea kuona muujiza wa kutisha, nikaona chumba. Mwanamke amechoka, wenzake wanakesha. Visa vimetoka India, kwa Kisanskriti, lakini mchongaji hakuwahi kuona kasri la India, basi akachonga alichokijua: nyumba za nguzo, ndege juu ya mapaa, vyungu, ngoma, miti ya kijijini kwake. Mwana wa mfalme wa India anazaliwa na kukua Java. Hakuna jina la fundi hata mmoja lililobaki, lakini mji wao wote upo pale ukutani. Hilo ndilo linalonifanya nikasirike nikiona watu wanapita pale wanatazama simu, wanauliza juu bado ngapi.

Shoroba za pili, tatu na nne zimetawaliwa na kisa kimoja, Gandavyuha, michoro 460. Kijana Sudhana, mtoto wa tajiri wa biashara, anatafuta elimu, na kila mwalimu anayemwendea anamwelekeza kwa mwalimu mwingine. Wapo watawa na wafalme, lakini yupo pia muuza manukato, yupo nahodha, yupo msichana mdogo, yupo hata kahaba. Sitadanganya: panachosha. Mwalimu ameketi, Sudhana amepiga magoti, wasikilizaji wamejipanga. Unageuka pembe, mwalimu ameketi, Sudhana amepiga magoti. Waongozaji wengi hupitisha wageni mbio hapa. Nami ningepita, kama Pak asingekuwa anatembea polepole namna ile, mikono nyuma, bila kusema lolote. Magoti yalipoanza kuuma ndipo nikaelewa kwamba na mimi nazunguka kama Sudhana, nageuka pembe na kukuta mwalimu mwingine bado ananisubiri. Wajenzi wangeweza kukifupisha kisa. Waliamua miguu ya msomaji ipitie urefu wake.

Juu ya kuta kuna vibanda vya mawe, na ndani yake Mabudha wameketi. Jengo zima lilikuwa na 504: 432 kwenye vibanda na 72 ndani ya makuba ya juu. Kwenye kuta nne za chini, ukipotea, tazama mkono wa sanamu. Anayegusa ardhi kwa vidole anatazama mashariki, aliyefungua kiganja cha kutoa yuko kusini, aliyelaza mikono mapajani yuko magharibi, na aliyeinua kiganja kuondoa hofu yuko kaskazini. Zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi hazina vichwa, na 43 hazipo kabisa. Mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Waholanzi ilimruhusu Mfalme Chulalongkorn wa Siam, Thailand ya leo, aondoke na shehena ya mikokoteni minane. Vichwa vingine viko kwenye makumbusho ya Ulaya. Kukaa mbele ya mwili usio na kichwa, mikono bado imetulia mapajani, ni jambo linalouma, na sioni kwa nini vichwa hivyo visirudi.

Halafu unatoka kwenye lango la mwisho, na ghafla hakuna kuta. Anga yote inafunguka. Hakuna michoro tena, hakuna pembe. Mstari ulionyooka umekwisha, kila kitu ni duara. Makuba 32, kisha 24, kisha 16, na katikati kuba kubwa. Matundu ya makuba ya duara mbili za chini ni ya umbo la almasi, na ya duara la juu ni ya mraba. Ndani ya kila kuba Budha ameketi, unamwona nusu nusu. Wabudha wanaeleza kwamba jengo linapanda kutoka ulimwengu wa matamanio, hadi ulimwengu wa maumbo, hadi ulimwengu usio na umbo. Unaweza kuusoma ufafanuzi huo popote. Ila macho yangu yalikuwa yamebeba saa nne za watu, vyungu, tembo, ngoma na magoti, na yalipokuta mahali pasipo na kitu cha kusoma, yalipumzika. Mwaka mmoja kabla, alfajiri ile na wanafunzi wenzangu, nilisimama hapo hapo na sikuhisi lolote zaidi ya baridi.

Tarehe 21 Januari 1985 mabomu yalilipuka kwenye majukwaa haya ya juu, yakaharibu makuba tisa. Mahakama iliwatia hatiani Waislamu wenye msimamo mkali. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu mimi ni Muislamu na najua wapo ndugu zangu watakaosoma makala hii wakiuliza nimefuata nini kwenye nyumba ya masanamu. Nilifuata wanadamu. Waliobeba mabomu walipanda ngazi wakapita karibu na mama anayekeshewa, mgonjwa anayesuguliwa, nahodha anayeulizwa elimu, wala hawakuwaona. Na waliolitunza hekalu hili ni nani? Wanavijiji wanaolizunguka wengi wao ni Waislamu. Merapi ilipolipuka mwaka 2010 majivu yalifunika mawe kwa unene wa hadi sentimita mbili na nusu, na watu wa hapo walikuwa miongoni mwa walioshika fagio na ndoo wakayatoa kwenye nyufa. Pak alikuwa na fagio lake. Adhuhuri ilipofika tuliswali pamoja nje ya uwanja wa hekalu, tukarudi kumalizia ukuta.

Nilirudi tena mwaka 2024 na kukuta utaratibu mpya. Walioruhusiwa kupanda wakati huo walikuwa watu 1,200 tu kwa siku, kwa zamu, wakiwa na mwongozaji, na kila mmoja alivaa upanat, kandambili za kusuka zilizobuniwa kwa kufuata viatu vinavyoonekana kwenye ile michoro iliyofichwa. Naunga mkono kabisa. Ngazi zililika kwa viatu vyetu, zimebonyea katikati kama kinu. Mwaka 2022 lilitangazwa wazo la kumtoza hata mwenyeji rupia 750,000 kupanda juu, watu wakapiga kelele, likaachwa, na walikuwa na haki ya kupiga kelele: mjukuu wa fundi asizuiwe kwa pesa kumwona babu yake. Lakini zamu zina dosari yake. Muda ni mfupi, kundi lina pupa, mwongozaji anaonyesha michoro mitatu au minne kisha anawapandisha wote mpaka juu kwa ajili ya picha. Kwa maoni yangu iwepo tiketi ya shoroba peke yake, ya asubuhi nzima, ya bei nafuu, na majukwaa ya duara yaachiwe waliozunguka walau mara moja. Idadi ya watu wa juu itapungua yenyewe.

Safari hiyo nilikwenda nikiwa na shughuli moja. Kwenye safu ya chini ya ushoroba wa kwanza kuna jahazi. Kisa chake ni cha Hiru, waziri aliyenusurika mji wao ulipofukiwa na mchanga, akafika nchi mpya kwa bahari. Jahazi lina milingoti miwili, matanga yamejaa upepo, mabaharia wamening'inia kwenye kamba, na nje ya ubavu kuna miti iliyofungwa tabaka juu ya tabaka. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kwa maana lile ni tengo, mti wa ubavuni unaokizuia chombo kisipinduke. Ni matengo ya ngalawa, yale yale ninayoyajua tangu utoto. Watafiti wa vyombo vya baharini wameyahusisha matengo yetu na mabaharia wa visiwa hivyo, wale wale ambao lugha yao ingali hai Madagaska, jamaa ya lugha za Borneo. Mwingereza Philip Beale aliliona jahazi hili mwaka 1982, na miaka ishirini baadaye fundi wa visiwa vya Kangean, Indonesia, As'ad Abdullah, akaliunda kwa mbao bila msumari wa chuma. Likaitwa Samudra Raksa. Lilitoka Jakarta mwaka 2003, likapita Shelisheli, Madagaska na Cape Town, likafika Accra Februari 2004. Sasa limo ndani ya makumbusho, hatua chache kutoka hekaluni.

Mjomba wangu Tanga ameunda ngalawa maisha yake yote. Nikampigia picha ya mchoro, nikamtumia kwa WhatsApp. Jibu lilikuja kwa sauti, nyuma yake nasikia tezo ikigonga.

"Mjomba, hiki chombo kina tengo upande mmoja tu?"

Nikamwambia jiwe linaonyesha ubavu mmoja.

"Basi la pili lipo nyuma. Mimi nisingekitia baharini hivyo."

Nikaenda makumbusho. Samudra Raksa ina matengo pande zote mbili. Nikaizunguka, nikapiga picha huku na huku, nikamtumia zote. Akanyamaza kama dakika tano.

"Rudi upande wa kulia," akasema. "Nipigie pale tengo linapofungwa. Sogea karibu, nataka kuona kamba imepita wapi."